Adui Aongezewe Akili, Si Mali

Katika michezo ya kompyuta ya kuongoza dola za kihistoria kuna uongo uliozoeleka, nao ni ile inayoitwa "ngazi ngumu". Mchezaji anayeichagua hudhani anakwenda kupambana na adui mwerevu zaidi. Ukweli ni kwamba anapambana na adui yule yule mzembe, ila sasa adui huyo amebebwa.

Tuchukue Europa Universalis IV, mchezo wa kampuni ya Paradox ya Uswidi uliotoka mwaka 2013. Naupenda, kwani unaanza mwaka 1444 na Burundi imo kwenye ramani. Lakini ukipandisha ugumu, nchi zinazoongozwa na kompyuta hupewa nafuu za uchumi na jeshi ambazo wewe hupewi. Hata katika ngazi ya kawaida kuna "mataifa yenye bahati": Ufaransa, Uingereza, Waosmani na mengineyo hupata nyongeza maalumu, mradi tu yasiongozwe na binadamu. Akili ya adui inabaki pale pale. Mara ngapi nimeliona jeshi lake kubwa likifukuza kikosi changu kidogo jimbo hadi jimbo, huku mji wake mkuu umezingirwa!

Bao lina kete 64, kila mchezaji 32. Bingwa hukushinda kwa kete zile zile ulizo nazo wewe, na ndiyo maana ukishindwa unaondoka umejifunza kitu. Angeanza na kete 50, ungejifunza nini?

Wenzangu hunijibu kwamba historia nayo haikuwa ya haki, kwani Wajerumani walikuja hapa na bunduki na sisi tulikuwa na mikuki na mishale. Ni kweli. Lakini bunduki ilikuwa na chanzo chake na gharama yake, na haikutosha peke yake. Mwezi Gisabo aliwasumbua kwa miaka. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alipomwendea, aliwatumia Maconco na Kilima, mahasimu wa mfalme ndani ya nchi yetu wenyewe. Mwezi Juni mfalme akakubali mkataba wa Kiganda, akainamia Ujerumani lakini akabaki na ufalme wake. Gavana von Götzen hakufurahishwa na vita vile, na baada ya miaka michache Wajerumani hao hao wakawageukia Maconco na Kilima. Huyo ndiye adui mgumu: anatafuta ufa ndani ya nyumba yako, anabishana na wakubwa wake, anabadili sera, anamtupa rafiki wa jana. Mwezi naye alijua wakati wa kupigana, wa kukimbia na wa kukubali. Ni lipi kati ya hayo linalopatikana kwa kuongeza asilimia fulani ya askari?

Wengine husema kompyuta zetu ni dhaifu, na mchezo unaendesha mamia ya nchi kwa wakati mmoja, hivyo haziwezi kufikiri kwa kina. Hoja hiyo naikubali nusu. Kama akili haiwezekani, basi pasemwe ukweli. Badala ya neno "ngumu", skrini ituandikie wazi kila nafuu aliyopewa adui, nasi tuchague tunayoitaka. Timu inayobebwa na refa hatuiiti timu bora, hata ikichukua kombe.

Sisi tunaosoma tuna sababu ya ziada ya kulidai hili. Kijana wa Buyenzi anayeshindwa na Ufaransa yenye "bahati" usiku kucha anafundishwa kimyakimya kwamba wakubwa walishinda kwa sababu waliandikiwa kushinda. Mkataba wa Kiganda unatuambia vingine: walishinda kwa hila, kwa silaha na kwa mgawanyiko wetu. Mambo hayo yana sababu, na yenye sababu yanaweza kusomwa na kuepukwa. Bahati iliyofichwa ndani ya programu haina la kumfundisha mtu.