CS2 Inakwama? Usikimbilie Kununua Lapi Mpya

Msee, unakumbuka Septemba 2023 Valve walipotoa CS2 kuchukua nafasi ya CS:GO? Mashine zilizokuwa fiti zikaanza kukwama. Kabla uchome doh, cheki RAM. Lapi nyingi za ex-UK hutumia grafiksi iliyo ndani ya prosesa. Hiyo haina memori yake, inakopa ya mashine. Ukiwa na kipande kimoja tu cha RAM, ni kama mathree zote zipite lane moja Thika Road. Ongeza cha pili, kama kuna nafasi, na fremu zinapanda. Shusha pia resolusheni na vivuli, funga Chrome, chomeka chaja. Na fundi akikuuzia SSD eti iongeze fremu, kataa. SSD inafungua gemu haraka, basi.