Leseni ya kwanza ya rubani haina mshahara

Ukiwa Bulla Pesa utaisikia ndege kabla hujaiona, maana uwanja wa ndege wa Isiolo haupo mbali. Watoto hutoka mbio kutazama. Yamkini ni hapo ndipo wengi huanza kusema watakuwa marubani, na wazazi nao huanza kuhesabu mifugo.

Mama mmoja wa mtaa huo aliniuliza jambo. Mwanawe yuko Marekani kwa mjomba wake, na amepiga simu akishangilia kwamba amepata leseni ya urubani. Familia iliuza ngamia kumlipia karo. "Mwanangu, mshahara unaanza lini?"

Ilinibidi nimweleze taratibu. Aliyopata kijana ni leseni ya rubani wa binafsi. Huko hupewa mtu aliyetimiza miaka 17, akaruka saa zisizopungua 40 na kufaulu mitihani. Kubeba watu anaruhusiwa, lakini si kwa malipo. Akipanda na marafiki wanaweza kuchangia mafuta, naye sharti atoe fungu lake sawa na wao. Ili alipwe anahitaji leseni ya biashara, ambayo kwa njia ya kawaida hudai saa 250. Unahodha katika mashirika makubwa hudai saa 1,500. Hapo kati ya 40 na 250 ndipo ngamia huisha, kwa sababu kila saa ina gharama ya ndege na mafuta, na nyingine huwa na ya mwalimu pia.

Isitoshe, anga yenyewe ina milango. Wamarekani wameigawa kwa madaraja ya herufi. Daraja G liko chini, mbali na viwanja vikubwa, na halina mwongozaji. Daraja A huanzia futi 18,000, yaani juu kupita kilele cha Mlima Kenya (futi 17,057) tunachokiona kutoka Isiolo mawingu yakiondoka. Huko haingii rubani asiye na kibali cha ziada cha kuruka kwa kutegemea ala, hata kama siku ni nyeupe.

Daraja B huzunguka viwanja vyenye shughuli nyingi kama vya Chicago na Atlanta. Rubani hukaa nje mpaka aambiwe waziwazi kwamba ameruhusiwa. Kwa C na D mambo ni mepesi zaidi, tena yanachekesha kidogo: mwongozaji akitaja nambari ya ndege yako na kusema "subiri", mmekwisha kuwasiliana na unaweza kuingia. Akisema "subiri" bila kutaja nambari, baki nje.

Na akirudi nyumbani? Karatasi ya Marekani peke yake haimtoshi kurusha ndege zilizosajiliwa Kenya, zile zenye 5Y ubavuni. Lazima apitie kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, ili leseni yake itambuliwe au abadilishiwe. Hiyo nayo ni bajeti.

Mama alinyamaza, kisha akauliza ngamia mmoja hununua saa ngapi za kuruka. Nilimwambia swali hilo ampelekee mwanawe usiku huohuo, na amuulize pia amebakiza saa ngapi, kabla mzee hajampeleka mwingine sokoni.