Je, Wazimu ni Udhaifu wa Nafsi?

Mwanafunzi wa kidato cha tano anapoanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, shuleni huzuka upesi maelezo kwamba kijana huyo hakuwa na moyo wenye nguvu. Katika vitabu vya wataalamu kuna dhana inayofanana na maelezo hayo, nayo ni nguvu ya nafsi, iliyo na mahali pakubwa katika saikolojia ya Carl Gustav Jung wa Uswisi (1875–1961). Dhana hiyo ina faida yake, lakini ikitumiwa ovyo humdhuru mgonjwa.

Jung hakuwa mtu wa kukisia tu. Tangu Desemba 1900 hadi 1909 alifanya kazi katika hospitali ya Burghölzli, mjini Zürich, chini ya Eugen Bleuler, ambaye mwaka 1908 aliyapa maradhi haya jina la skizofrenia. Jung alikuwa akiwatajia watu neno moja moja na kupima kwa saa muda waliouchukua kujibu. Jibu lilipochelewa, alishuku kwamba neno limegusa fundo la hisia lililojificha. Mafundo ya namna hiyo kila mtu anayo. Lakini kwa mzima nafsi tambuzi, yaani kile kinachosema “mimi”, hubaki nahodha. Kwa mgonjwa mabaharia wameasi, na kila mmoja anatoa amri kwa sauti yake.

Mwaka 1913, baada ya kuachana na Freud, Jung mwenyewe alipatwa na njozi za kutisha. Mwezi wa Oktoba, akiwa safarini, aliona mafuriko yakiifunika sehemu kubwa ya Ulaya, akahofu kwamba anapata wazimu. Kwa miaka kadhaa aliziandika na kuzichora njozi zake katika kitabu kikubwa ambacho hakikuchapishwa hadi 2009. Muda wote huo aliendelea kutibu wagonjwa na kulea watoto watano pamoja na mkewe, na baadaye alieleza kwamba kazi na nyumba ndizo zilizomshikilia duniani. Hapa ndipo maana ya nguvu ya nafsi inapodhihirika. Mwenye nguvu hiyo huweza kuziona njozi, na bado akajua kwamba ni njozi, na kwamba kesho asubuhi kuna mgonjwa anayemngoja.

Hata hivyo, nguvu hiyo haionekani kwa macho. Katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1962, Jung anasimulia habari za daktari mmoja, mtu wa kawaida kabisa kwa sura na mwenendo, aliyekuja kujifunza kazi ya uchambuzi wa nafsi. Ndoto moja tu ilimwonyesha Jung kwamba chini ya utulivu ule kulikuwa na saikosisi iliyolala, akatafuta njia ya kuyakatiza mafunzo yale. Ikiwa bingwa kama huyo nusura adanganyike, mwalimu mwenye darasa la wanafunzi arobaini atampimaje nani ana nafsi imara?

Ila kubwa ya dhana hii ni kwamba aghalabu huzunguka. Huulizwa kwa nini kijana ameugua, ikajibiwa kwamba nafsi yake ilikuwa dhaifu. Huulizwa udhaifu huo umejulikanaje, ikajibiwa kwamba ameugua. Hayo ni maelezo ya hali, wala si ya chanzo. Jung mwenyewe hakuridhika nayo. Tangu kitabu chake cha 1907 alidhani huenda kuna sumu fulani mwilini, na uzeeni, mwaka 1958, aliirudia fikira hiyo. Sumu aliyoiwazia haikupatikana, lakini imethibitika kwamba urithi una sehemu yake, na kwamba dawa zilizoanza kutumika mwaka 1952, klopromazini ikiwa ya kwanza, hupunguza sauti na maruweruwe kwa kuzuia kazi ya dopamini katika ubongo. Dawa hizo hazimpi mtu ushujaa.

Maradhi haya mara nyingi huanza kati ya mwisho wa ujana na umri wa miaka thelathini, yaani huwakuta wengi wakingali darasani au wametoka tu. Kila mwezi unaopita bila matibabu huzidisha ugumu wa kupona. Kijana anayeambiwa ajikaze kwa muhula mzima, kisha akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, amepotezewa miezi ambayo angekuwa mikononi mwa daktari.