Daftari la gesti linavyomuanika dada anayesafiri peke yake

Mitandaoni watu wanahangaika na kamera za siri kwenye taa na soketi za gesti. Sawa, waangalie. Ila kuna kitu kinavujisha siri mchana kweupe na hakuna anayekishtukia: lile daftari la wageni pale kaunta.

Chukua dada katoka Mwanza, kashuka Bunda saa mbili usiku, kesho anataka kwenda Butiama kuona makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Anaandika jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya simu, namba ya chumba. Daftari linabaki wazi. Jamaa anayefuata kuandika anasoma mstari wote wa juu yake. Saa tano meseji inaingia: "Mambo, hujalala?" Hapo usingizi utatoka wapi?

Wenye gesti husema polisi wanalihitaji. Kweli, na likitokea la kutokea linasaidia. Lakini polisi na mteja wa chumba cha pili ni watu wawili tofauti jamani! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa azilinde, awe Musoma mjini au Bunda stendi.

Mhudumu aandike mwenyewe, afunge daftari, na namba ya chumba asiitaje kwa sauti mbele ya watu. Komeo la ndani nalo liwepo, maana ufunguo wa akiba uko kaunta. Kama hata komeo hakuna, dada abebe begi lake avuke barabara akatafute gesti nyingine, uchovu wa basi na uwepo.