RISALA YA WENYE PIKIPIKI NDOGO NA WAENDESHAJI WA BUTEMBO, BENI NA LUBERO

Kwa:
Mheshimiwa Gavana wa Kijeshi wa Jimbo la Kivu ya Kaskazini, Beni
Waheshimiwa Mameya wa miji ya Butembo na Beni
Mheshimiwa Msimamizi wa Teritware ya Lubero

Waheshimiwa wakubwa wetu,

Tunawashukuru askari na polisi wanaokesha kwenye mvua ya milima hii ili sisi tulale. Tunayoyasema hapa hayamhusu askari anayefanya kazi yake, na tunajua ninyi mnamjua aliye tofauti naye.

Wanaowaandikia ni watu wa aina mbili. Wengine hupakia abiria na mizigo kutoka parkingi za Kimemi, Mususa, Vulamba na Bulengera, za Beni, na za vituo vidogo kama Musienene na Njiapanda. Wengine ni walimu, wauguzi na wakulima wenye pikipiki moja ya nyumbani. Tumeandika karatasi moja kwa sababu tope letu ni moja na bariere tunazosimamishwa ni zile zile.

Tunaandika kwa haki. Kifungu cha 27 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila Mkongomani ruhusa ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na kinaitaka mamlaka ijibu ndani ya miezi 3.

I. PIKIPIKI HII NI NINI KWETU

Tunazungumza juu ya pikipiki ya injini ndogo, ya sentimita za ujazo 100 hadi 150: TVS na Bajaj kutoka Uhindi, Haojue na nyingine kutoka Uchina. Hupitia Mombasa, huvuka Kenya na Uganda, huingia kwetu Kasindi. Ikifika dukani Butembo bei yake imekwisha kupita dola elfu moja. Hakuna kati yetu aliyezitoa mfukoni siku moja. Huyu aliuza ng'ombe wa baba yake, yule alingoja zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, mwingine anaendesha ya mtu na kumpelekea malipo kila jioni mpaka itakapokuwa yake. Kijana wa hapa akikuambia, "Nimepata pikipiki," amekuambia kwamba wadogo zake watarudi shuleni.

Tuliichagua kwa sababu inapatana na milima yetu. Haili esansi nyingi. Fundi aliye chini ya mparachichi huifungua asubuhi na jioni ikawa barabarani, na bujia au mnyororo hupatikana hata kwenye duka la kijijini. Mvua ikikata njia ya Manguredjipa, lori hulala matopeni na shehena yake. Sisi hushuka, tukasukuma, tukafika. Viazi vya Masereka, samaki wa Kyavinyonge na kakao ya Mangina huanza safari yao nyuma ya migongo yetu kabla ya kupata gari.

Kuna kazi nyingine tulizofanya bila kuajiriwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu zaidi ya 2,200 kufa. Katika miezi hiyo tulibeba wagonjwa kabla haijajulikana wanaugua nini, na tuliwapeleka wachanjaji mahali gari lisipofika. Mji wa Kanyabayonga ulipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Juni 2024, wazee, magodoro na watoto waliofungwa kwa kitenge walipanda kuja Lubero na Butembo juu ya pikipiki hizi. Walioweza kulipa walilipa. Wasioweza tuliwaleta vilevile.

Kwa hiyo, wakubwa wetu, kabla ya kuhesabu makosa yetu, tunaomba mtambue jambo moja: mahali pengi pa Lubero, pikipiki ndogo ndiyo basi, ndiyo lori na ndiyo ambulansi. Inafanya kazi ya umma kwa mali ya mtu maskini. Malalamiko yetu yote yanatoka hapo.

II. MALALAMIKO YETU

1. Tunalipa, lakini karatasi hazifanani na pesa

Tunadaiwa plake, vinyeti ya kodi, karte rozi ya usajili, permi ya kuendesha na asiransi, yaani bima. Juu ya hayo kuna malipo ya parkingi, na kuna noti inayotolewa kwenye kamba iliyofungwa barabarani ambayo haina jina. Pembezoni, makundi yenye silaha nayo hutoza jeto, malipo yao wenyewe ya lazima. Mtu akitoka kijijini na gunia moja la viazi, anaweza kuacha faida ya gunia hilo njiani kabla hajaona soko.

Kodi hatuikatai. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi huwekwa kwa sheria tu, na kwamba kuchangia gharama za nchi ni wajibu wa kila anayeishi humu. Tunakubali sehemu zote mbili. Lakini pesa iliyotolewa bila risiti haikuchangia nchi. Kesho yake mtu mwingine anakuomba ile ile, na huna cha kumwonyesha.

2. Pikipiki ikikamatwa hairudi kama ilivyoenda

Tunakubali kwamba asiye na karatasi anaweza kuzuiwa. Kinachotuumiza ni mambo yanayofuata. Mmoja wetu alinyang'anywa ufunguo kwa ajili ya karatasi iliyokwisha muda. Alipokamilisha faini baada ya majuma mawili, alikuta betri haipo, kioo hakipo, na tanki limekauka. Hakuna aliyekuwa ameandika ilivyoingia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuulizwa. Majuma yale mawili hakuwa na mapato, lakini deni la mwenye pikipiki lilihesabiwa kila siku.

3. Usiku umefungwa hata kwa mgonjwa

Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, tumepokea amri nyingi za kusimamisha pikipiki jioni. Sababu yake tunaijua, maana wauaji na wezi nao hupanda pikipiki. Lakini uchungu wa kuzaa haungoji mapambazuko.

Mwenzetu aliamshwa usiku na jirani ambaye mke wake alikuwa amekamatwa na uchungu. Walimkalisha mama katikati, mumewe akamshika kwa nyuma. Kwenye bariere ya kwanza waliambiwa wazime taa na washuke. Walieleza. Waliulizwa karatasi ya ruhusa, nao hawakuwa nayo, kwa sababu hakuna anayejua ofisi inayotoa karatasi hiyo saa saba za usiku. Mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto alizaliwa pale, chini ya turubai la askari, na askari mmoja ndiye aliyeshika tochi. Mama na mtoto wako hai, tunamshukuru Mungu na tunamshukuru askari yule. Alitusaidia kadiri ya uwezo wake. Hakuwa na amri iliyomruhusu kutuacha tupite, na amri hiyo ndiyo tunayoiomba kwenu.

4. Tunauawa kwa ajili ya pikipiki, na tunauawa juu yake

Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni wanachinjwa na waasi wa ADF. Vita hiyo imevuka mpaka wa Beni na kuingia Lubero. Huko Ntoyo, upande wa Manguredjipa, waombolezaji zaidi ya 60 waliuawa matangani mwezi Septemba 2025. Njia hiyo ni njia yetu ya kazi. Tumeokota pikipiki za wenzetu zimebaki chuma kilichoungua, na wengine hatukuwaokota kabisa.

Mjini kuna kifo kingine. Abiria anaomba apelekwe mtaa wa pembeni jua likizama, na asubuhi kijana anakutwa mtaroni, pikipiki haipo. Familia huleta jina na sura ya mtuhumiwa, kisha husubiri. Pikipiki iliyoibwa huvuliwa plake, huuzwa vipande vipande, na hakuna anayemuuliza muuzaji alikoipata.

5. Barabara inatuvunja kabla ya adui

Tukinunua esansi, ndani ya bei yake kuna sehemu ya Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008. Kila anayejaza tanki amekwisha kuchangia barabara. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua mradi wa kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo kilomita 54, Bunagana hadi Goma kilomita 89. Tuliushangilia na bado tunautaka umalizike. Lakini njia ya kutoka Butembo kwenda Lubero-centre, na ya kutoka Butembo kwenda Manguredjipa, hazimo katika mradi huo. Kiangazi tunameza vumbi, masika tunazama. Mnyororo uliopaswa kudumu mwaka unakatika baada ya miezi, na amortizeri hufa pamoja na mgongo wa anayeikalia.

6. Ajali ikitokea, kila mtu anabaki na maumivu yake

Sheria inalazimisha kila chombo chenye injini kiwe na asiransi ya kumlipa anayeumizwa. Tunainunua kwa sababu bariere huidai. Mguu ukivunjika, karatasi ile huwa nyepesi. Tunamjua abiria aliyepona akabaki kitandani kwa sababu ya bili, na dereva aliyeuza pikipiki ile ile iliyomlisha ili wote wawili watoke hospitalini.

III. MAKOSA YETU WENYEWE

Risala isiyotaja kosa la mwandishi wake haistahili kusomwa. Tunapakia watu watatu, na siku ya soko hata wanne. Wengi hatuvai kaske, kofia ya kujikinga, na abiria hatumpi. Wako wanaoshika usukani bila permi, na wako wanaokunywa kabla ya kuwasha injini. Mwenzetu akigongwa, tunazingira gari kwa hasira kabla ya kujua nani amekosea, na mara nyingine tumeadhibu wasio na hatia. Tunawaomba radhi mliotuamini na watoto wenu. Hatuwezi kudai sheria kwenu na kuikimbia sisi.

IV. MADAI YETU

Kwa hayo yote, tunadai yafuatayo:

Kwanza, orodha moja ya malipo yote halali ya pikipiki, yenye kiasi chake na jina la idara inayopokea, ibandikwe katika kila parkingi na kila bariere, kwa Kiswahili na Kinande. Kisichomo kwenye orodha kisidaiwe, na kila kinacholipwa kitolewe risiti.

Pili, malipo yafanyike kwenye dirisha moja Butembo, moja Beni na moja Lubero-centre, na yaruhusiwe kwa awamu. Anayelala njiani siku mbili ili kulipa vinyeti ameilipa mara mbili.

Tatu, kila pikipiki inayokamatwa iandikiwe hati mbele ya mwenyewe: kilomita, betri, vioo, magurudumu na sababu ya kukamatwa. Kikipotea kitu, aliyetia saini ndiye ajibu.

Nne, kila parkingi iteue waendeshaji wa zamu ya usiku, wanaojulikana kwa namba na jile yao (fulana ya kazi), wenye ruhusa ya kudumu ya kubeba wagonjwa na mama wajawazito. Majina yao yawe kwenye bariere zote. Hili halihitaji pesa. Linahitaji saini yenu tu.

Tano, njia za Manguredjipa na Kasindi ziwe na doria zenye saa zinazojulikana, na mwendeshaji anayetoa taarifa ya adui asiwe wa kwanza kushukiwa.

Sita, kila muuza vipuri vilivyotumika aandike alikovipata, na kesi za wauaji wa waendeshaji zisikilizwe hadharani, familia zikiwepo.

Saba, tuelezwe mchango wa barabara tunaoulipa ndani ya esansi umefanya nini katika teritware ya Lubero, na matengenezo yaanze kabla ya masika kwenye miteremko inayoua. Vijana wetu wako tayari kuleta majembe.

Nane, asiransi ya pikipiki iwe na ofisi inayofunguka na mlango wa malalamiko, na mgonjwa wa ajali atibiwe kabla ya kuulizwa nani atalipa.

V. TUNACHOAHIDI

Kwa upande wetu, tangu siku ya kupokelewa risala hii: kila parkingi itaandika majina na namba za wanachama wake, asiye na kaske hatapewa abiria, anayepakia zaidi ya mmoja atasimamishwa na sisi wenyewe kabla ya polisi, na ajali ikitokea, tutamwita polisi na tutalinda gari na dereva wake mpaka afike. Tunaomba mafunzo ya sheria ya barabarani ya tarehe 30 Agosti 1978, kwa lugha tunayoielewa. Wengi wetu tunaadhibiwa kwa sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kutusomea.

Waheshimiwa, hatukufunga barabara ili kuandika haya. Tuliandika jioni, baada ya kazi, kila mmoja akitaja lililompata. Miezi 3 ya Katiba tutaihesabu kwa utulivu, na katika muda huo kila alfajiri tutafuta umande kwenye viti, tutawasha injini, tutawapeleka wauguzi wenu zamu, walimu wenu shuleni na mama zenu sokoni. Mkitaka kutujibu hamtatutafuta mbali. Inueni mkono barabarani, mmoja wetu atasimama.

Imeandikwa Butembo, na kutiwa saini na wawakilishi wa parkingi na wenye pikipiki za nyumbani wa Butembo, Beni na Lubero.