Kovu si doa, na mkorogo si dawa

Leo nasema wazi, na najua kuna watakaoninunia. Krimu ya kujichubua haiondoi makovu ya chunusi. Anayekuuzia kwa jina la "dawa ya makovu" ama hajui anachouza, ama anajua na anakudharau.

Hapa kwetu Mpendae, na ukipanda daladala mpaka Darajani au Mwanakwerekwe ni hayo hayo, ingia duka la vipodozi uonyeshe shavu lako. Alama nyeusi? Pakaa hii. Mashimo? Pakaa hii hii. Nyama iliyoota kidevuni? Hii, ila changanya na ile. Maradhi matatu, kopo moja! Hivi fundi wa pikipiki akikufanyia hivyo, utarudi kwake?

Tuanze na lugha, maana ulaghai umejificha ndani ya neno. Sisi kila kinachobaki baada ya chunusi tunakiita kovu. Si kweli, jamani.

Kuna doa. Ukipitisha kidole hukuti bonde wala kilima, ila rangi imekolea. Ngozi nyeusi ikiwashwa na uvimbe wa chunusi hutoa rangi nyingi, ndiyo maumbile yake. Doa mara nyingi hufifia lenyewe, kwa miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, mradi chunusi mpya zizuiwe na jua lisiendelee kulikoleza.

Halafu kuna kovu lenyewe. Hapa ngozi imeharibika kwa ndani: ama imepungukiwa nyama ikabaki shimo, ama imeota nyama ya ziada ikawa uvimbe mgumu, yaani keloidi na ndugu zake.

Sasa mkorogo unashambulia rangi tu. Niambie, ndugu yangu: shimo la barabarani ukilipaka chokaa, limezibika? Litaonekana jeupe, lakini gari bado litadumbukia.

Na hiyo rangi yenyewe inashambuliwa kwa nini? Mkorogo umepata jina lake kwa sababu unakorogwa, na ndani yake mara nyingi mna mmoja au zaidi wa hawa watatu: zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali kama klobetasoli.

Steroidi ndiyo tapeli mkubwa. Wiki za mwanzo uvimbe hushuka, uso hung'ara, na mteja huwa tangazo linalotembea. Baadaye ngozi hukonda, mishipa huonekana, na chunusi mpya huibuka kwa sababu ya dawa yenyewe. Ukiacha ghafla, uso huwaka. Unarudi dukani kununua tena. Biashara nzuri kweli, kwa muuzaji!

Haidrokwinoni ni dawa halali mkononi mwa daktari, kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ikipakwa kiholela miaka na miaka, huweza kuifanya ngozi iwe na weusi wa kibuluu usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini walilieleza tatizo hilo mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku kwenye vipodozi. Zebaki nayo huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki, uliweka kikomo kwa vipodozi. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama zikakubaliana vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025.

Kwetu Zanzibar sheria ya chakula, dawa na vipodozi ipo tangu 2006, na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, ndio wenye jukumu la kuisimamia. Kuteketeza shehena mbele ya kamera ni kuzuri, lakini kopo liko rafuni mtaani, halina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Piteni mtaani bila kamera!

Sasa mtaniuliza, tufanye nini? Swali zuri.

Kwanza, chunusi zenyewe zitibiwe mapema, kwa sababu kovu lisilotokea halihitaji tiba. Kuna benzoili peroksaidi (angalia tu, hufubaza taulo na nguo), kuna adapalini, kuna asidi ya azelaiki ambayo husaidia na madoa pia. Zote zinataka subira ya wiki nane mpaka kumi na mbili, si siku tatu. Zikiwa kali kuna vidonge vya aisotretinoini, lakini hivyo ni vya daktari tu, na mwanamke asivitumie akiwa mjamzito maana huharibu mtoto tumboni.

Pili, madoa: krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kofia au mtandio, na kutokamua.

Tatu, mashimo. Haya hutibiwa kwa mikono ya mtaalamu: kuchoma ngozi kwa sindano ndogondogo ili ijijenge upya, kukata nyuzi zinazovuta ngozi chini, au kutia tone la asidi kali ndani ya shimo. Leza ipo, ila kwa ngozi yetu ikitumiwa ovyo huacha madoa mapya. Keloidi huchomwa sindano ya steroidi ndani yake. Matokeo ya yote haya ni nafuu. Anayekuahidi uso wa mtoto mchanga ni muongo.

Najua hoja zenu. "Daktari wa ngozi yuko wapi?" Kweli ni wachache. KCMC kule Moshi kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi wa kanda hii tangu 1992, na bado hawatoshi. Lakini anzia Mnazi Mmoja, uliza. Na jumlisha bei ya makopo uliyonunua mwaka mzima kabla ya kusema hospitali ni ghali.

"Bibi zetu walitumia liwa." Walitumia, na liwa inanukia, sina ugomvi nayo. Lakini haizibi shimo, na kusugua singo kwa nguvu juu ya chunusi mbichi ni kujitafutia madoa mapya kabla ya siku ya harusi.

"Zitaisha ukiolewa." Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Msichana wa skuli mwenye uso uliovimba anaambiwa asubiri mume, na huku anasubiri, mashimo yanachimbika. Mvulana ndiyo kabisa, anaambiwa mwanamume hajali uso. Kisha tunashangaa wanapokimbilia mkorogo.

Na nyinyi wenzangu wa redio na magazeti mnaopokea matangazo ya "kung'arisha na kuondoa makovu": mmewahi kumuuliza mtangazaji kilichomo ndani ya kopo? Swali moja tu. Hamjaulizwa kukataa pesa, mmeombwa mfanye kazi yenu.

Kesho ukienda dukani, kabla hujatoa pesa, pitisha kidole shavuni. Kama hakuna bonde wala kilima, hiyo ni rangi, ipe muda na kinga ya jua. Kama bonde lipo, weka pesa mfukoni. Kopo halitalijaza.

Mwenye duka mwenye jibu, uwanja ni wako. Nasubiri.