Jiko Hili Umempimia Nani?

Zamani, nilipokuwa ningali mgeni katika kazi ya kusanifu vyombo vya nyumbani, nilichora jiko la makaa nikaliona kuwa kazi bora kabisa. Hesabu zake za joto zilikuwa sahihi, na wenzangu katika chumba cha kuchorea walilisifu. Fundi akanitengenezea moja, nami nikalipeleka kwa mama mmoja jirani aliyekuwa akipika na kuuza chakula. Aliketi juu ya kigoda chake kama alivyozoea, akaliwasha. Kabla maji hayajachemka alikuwa amekwisha kusogea nyuma mara mbili, kwa maana mdomo wa jiko langu ulikuwa sawasawa na kifua chake, na joto lote lilimpiga usoni. Akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, jiko hili umempimia nani?”

Sikuwa na jibu. Kwa kweli nilikuwa nimeipimia meza yangu ya kuchorea, ambayo mimi huifanyia kazi nikiwa nimesimama.

Nalikumbuka swali hilo kila ninaposikia ubunifu ukisifiwa kuwa ni kipaji cha kuzua jambo ambalo halijapata kuonekana. Kuna vitu vingi vipya visivyomfaa mtu. Yatupasa kutazama pia ni nani atakayekibeba kitu, atakayekilipia, na atakayeumia kikiwa kibaya.

Chukua mfano wa jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo wanafunzi wengi wa Kenya wanalo nyumbani. Jiko lililolitangulia lilikuwa bati tupu. Bati hupitisha joto upesi. Kwa hiyo nusu ya joto la makaa, pengine hata asilimia 70, ilipotea ubavuni, na ni asilimia 10 hadi 20 tu iliyoifikia sufuria. Mpishi aliyenunua makaa ya shilingi kumi alipika kwa shilingi moja au mbili. Nyingine zilikwenda kupasha moto hewa ya jikoni. Hasara hiyo aliibeba maskini, na msitu pia ukaibeba.

Mapema katika miaka ya 1980, wataalamu na mafundi wa Kenya, miongoni mwao msanifu Max Kinyanjui, waliyatazama majiko ya Thailand yenye umbo la ndoo, ambayo ukuta wake wa udongo huzuia joto lisitoroke. Wakaliazima wazo hilo. Lakini ndoo ni pana juu na nyembamba chini, na ugali hausongwi kwa vidole viwili. Mpishi huusukuma mwiko kwa nguvu za mabega, na jiko lenye kitako chembamba huyumba. Tena udongo wa ndani ulikuwa ukipasuka. Baada ya majaribio, jiko likapewa kiuno: pana juu, jembamba katikati, pana tena chini. Udongo ukawekwa katika nusu ya juu tu, palipo na moto, ukashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha joto kwa urahisi. Joto linaloifikia sufuria likapanda hadi asilimia 25 au hata 40.

Mimi nakistahi kiuno kile kuliko mashine nyingi zinazopigwa picha magazetini. Ni mwiko wa ugali uliokidai.

Kilichofuata kina utata, na hapa si wenzangu wote wanaokubaliana nami. Umbo lile halikufungwa kwa haki ya mvumbuzi. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, na wengine wengi waliliiga bila kumlipa mtu. Bei ikashuka, jiko likaenea hata nchi jirani. Lakini yaliingia sokoni pia majiko ya udongo mbaya, au uliochomwa kwa haraka, yanayopasuka baada ya muda mfupi. Na rangi nzuri ya nje haimwonyeshi mnunuzi kilichomo ndani. Je, lingekuwa jambo bora kulifunga? Nasema hapana, kwani lingebaki chombo cha wenye fedha. Ila naamini kwamba msanifu anayewaachia umma kazi yake anawiwa pia kuwaachia kipimo cha kuitambua iliyo njema. Kipimo kimoja hakigharimu kitu: gonga udongo kwa kijiti. Ulioiva vyema hulia kwa sauti kali. Wenye ufa hutoa sauti nzito, iliyokufa.

Liko deni jingine, nalo ni zito zaidi. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi mwingi, ndiyo sababu watu huyaamini. Lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Usiku wa baridi watu huingiza jiko chumbani, hufunga madirisha, wakalala wasiamke. Udongo wa ndani hauondoi hatari hiyo. Hata nachelea kwamba jiko linalotunza joto kwa muda mrefu linavutia zaidi kuingizwa chumbani. Kupiga chapa ya onyo juu ya bati ni kazi ya dakika moja. Nimekwisha kuambiwa kwamba onyo litamtisha mnunuzi. Na limtishe.

Walimu wenye karakana wanaweza kulijaribu jambo hili kwa mizani na sufuria. Wanafunzi wapime makaa, wachemshe lita mbili za maji, kisha wayazime na kuyapima yaliyobaki; wafanye hivyo kwa majiko mawili, nje au mahali penye hewa ya kutosha. Alama za hesabu watazipata hapo. Lakini nisingempa mwanafunzi alama zote kabla hajampa mpishi jiko lake kwa wiki nzima, naye akaketi kando na daftari, kimya, akitazama.

Yule mama nilimrudia na jiko la pili, lenye kimo cha shubiri moja na nusu. Aliliwasha, akapika, hakusogea nyuma. Siku ya tatu akaniita akanionyesha kilango cha majivu: mkono wake haukupita.